Kisogo Kikitangulia

Juni 2022, ukumbi wa Duna Aréna, Budapest, fainali ya wanaume ya mita 50 kwa mtindo wa mgongo, mashindano ya dunia. Justin Ress wa Marekani aligusa ukuta kwa sekunde 24.12, Mmarekani mwenzake Hunter Armstrong kwa 24.14. Mara jina la Ress likafutwa. Waamuzi walisema kwamba alipofika ukutani mwili wake wote ulikuwa umezama. Rufani ikakatwa, uamuzi ukatenguliwa, dhahabu ikarudi kwake. Wengine walibishana nani amedhulumiwa. Mimi nilibaki nikiitazama tena ile mita ya mwisho: mtu aliyekuja chali, mbingu usoni, anamalizia safari kwa kujitosa chini kama anayetoroka. Nikamkumbuka bibi yangu.

Bibi alibeba maji kichwani, na sikumbuki siku aliyoinamisha uso kutazama anakanyaga wapi. Kata utosini, ndoo juu ya kata, mikono huru, shingo imetulia. Chini ya shingo kila kitu kilikwenda: mabega yakiyumba, kiuno kikizunguka, miguu ikichagua mawe. Juu ya shingo palikuwa kimya. Sisi watoto tuliomwiga tulifika nyumbani tumelowa, nusu ya maji imebaki njiani, naye akitucheka: kichwa kinachotafuta njia, anasema, hakibebi maji.

Miaka mingi baadaye nilijua kwamba walimu wa kuogelea nao huwawekea wanafunzi kikombe cha maji kwenye paji la uso, kisha huwaambia waogelee mgongo toka ukuta hadi ukuta. Mwili unabingirika kushoto na kulia, mkono mmoja unatoka majini huku mwenzake ukizama, na kikombe hakitakiwi kumwagika. Nilipolisikia hilo nilicheka peke yangu. Bibi hakuwahi kuona bwawa.

Kati ya mitindo yote ya kuogelea, huu ndio ambao kisogo hutangulia. Mwogeleaji anaona alikotoka, haoni aendako. Mita tano kabla ya ukuta, vibendera vinapita juu ya uso wake, na hapo anaanza kuhesabu mikono. Kila mmoja ana hesabu yake, ameipata kwa kuumia: aliyezidisha mkono mmoja aligonga kichwa, aliyepunguza alinyoosha vidole akakuta maji. Kuanzia vibendera hivyo macho hayasaidii kitu. Kinachosaidia ni asubuhi elfu za kurudia jambo lile lile.

Katika hao wenye kichwa kitulivu, simwoni wa kumpita Roland Matthes wa Ujerumani Mashariki, kijana aliyefinyangwa Erfurt na mwalimu wake, Marlies Grohe. Alitwaa dhahabu zote mbili za mgongo kwenye Olimpiki ya Mexico 1968, akazirudia Munich 1972, na kwa miaka saba hakuna aliyemtangulia ukutani katika mtindo huo. Lakini mimi humtafuta zaidi Belgrade, 1973, kwenye mashindano ya kwanza kabisa ya dunia ya kuogelea. Bwawa la Tašmajdan liko wazi. Ndani ya ukumbi mwogeleaji anaweza kufuata mstari wa dari. Pale palikuwa na mbingu tu, na mbingu haina mstari. Siku hizo pia kanuni ilikuwa kali: kabla ya kugeuka ilibidi uguse ukuta kwa mkono ukiwa bado chali. Kwa hiyo katika mita 200 Matthes aliutafuta ukuta asiouona mara tatu za kugeuka na mara ya nne ya kumaliza. Alimaliza kwa dakika 2 na sekunde 1.87, rekodi ya dunia, na aliyemfuata alikuwa nyuma kwa sekunde nne. Kwenye picha zake mkono unaingia majini bila kurusha hata tone. Ungemwekea kikombe.

Wa tatu siku ile alikuwa kijana Mmarekani, John Naber. Mwaka uliofuata ndiye aliyeikata ile miaka saba. Hilo halinisikitishi, mwanafunzi humpita mwalimu. Kinachonisikitisha kilikuja kwenye Olimpiki ya Seoul, 1988. David Berkoff aliruka, akazama, akaenda kwa mateke ya pomboo zaidi ya mita 30 chini ya maji, na kwenye mchujo akavunja rekodi ya dunia ya mita 100 kwa sekunde 54.51. Kwenye fainali Daichi Suzuki wa Japani naye akaongeza safari yake ya chini, akamshinda kwa 55.05 dhidi ya 55.18. Dunia ikashangilia, kisha wenye kanuni wakashtuka: haya bado ni mashindano ya mgongo? Wakaweka mpaka wa mita 10, baadaye wakauongeza ukawa 15. Mnamo 1991 ule mguso wa mkono wakati wa kugeuka nao ukaondolewa. Sasa mtu anajipindua kifudifudi, anapiga kichwangomba, anasukuma ukuta kwa miguu.

Na baada ya ugomvi wa Budapest? Kanuni ikalegezwa tena. Siku hizi mwogeleaji akishaingia mita tano za mwisho anaruhusiwa kuzama mwili mzima. Kosa lililomfutia Ress jina kwa muda leo si kosa. Tumechoka kumfundisha mtu namna ya kufika, tukaona rahisi kuusogeza mlango.

Najua wa leo wana kasi zaidi, saa haisemi uongo. Wanateseka pia, pumzi ile ya chini ya maji haiji bure. Matthes alifariki Desemba 2019, na bibi alimtangulia zamani. Kijijini maji sasa yanakuja na pikipiki, kwenye madumu ya njano, na hakuna msichana anayejua kusokota kata. Sitamani msichana yeyote arudi kubeba. Ila kila fainali ya mgongo inapoanza huwa nasogea karibu na runinga. Mlio unalia, wanaume wanane wanajirusha nyuma, kisha mita kumi na tano nzima kamera inaonyesha maji matupu.