Kushuhudia si Kusaidia: Uhakiki wa Orodha za Msamiati wa Juu wa Kiingereza Dzaleka na Lilongwe

Makala haya yanahakiki zana iliyozoeleka katika ufundishaji wa msamiati wa juu wa Kiingereza: orodha inayompa mjifunzi neno na kisawe chake, naye akakariri. Hoja yetu ni kwamba orodha hiyo haijui inasomwa na nani.

Kambi ya Dzaleka, wilayani Dowa, ilifunguliwa mwaka 1994, na wengi wa wakazi wake wametoka Kongo, Burundi na Rwanda. Mjifunzi aliyesoma sekondari mashariki mwa Kongo hukifikia Kiingereza akiwa tayari na Kiswahili na Kifaransa cha darasani. Mwenzake wa Area 49, mjini Lilongwe, huja na Chichewa. Orodha ni ileile.

Tutazame kitenzi “assist”. Orodha husema “help”, basi. Kwa mwanafunzi wa Area 49 fasili hiyo inatosha. Aliyesoma Kifaransa, hata hivyo, anakijua kitenzi “assister”, ambacho kikifuatwa na “à” humaanisha kuhudhuria au kushuhudia. Akieleza kwa Kiingereza kwamba ali-“assist” shambulio kijijini kwao, anadhani amesema alilishuhudia. Anayeandika maelezo yake anasikia kwamba alisaidia. Na Kifungu cha 1F cha Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 huwanyima hifadhi watu ambao kuna sababu nzito za kuamini kuwa wametenda uhalifu wa kivita. Mkalimani makini angelinusuru jambo hilo, lakini aliyefaulu jaribio la msamiati ndiye hasa anayejiamini kuzungumza bila mkalimani.

“Demand” ni mtego mdogo zaidi, ila wa kila siku. “Demander” ni kuomba tu. Barua ya unyenyekevu hugeuka kuwa ya kudai.

Kinachoshangaza ni kwamba Kiswahili hutenganisha maana hizi bila shida, ilhali wapo walimu wanaokizuia darasani kwa hofu kwamba kitachelewesha Kiingereza. Hofu hiyo ina mashiko pale mjifunzi anapotafsiri kila sentensi. Haina mashiko kwa neno moja lenye maana mbili zinazogongana. Kamusi za Kiingereza–Kiswahili nazo hazikutungwa kwa kumlenga msomaji mwenye Kifaransa kichwani.

Tunachowapendekezea watunga mitaala ni kijitabu chembamba cha maneno ya Kiingereza yanayofanana na ya Kifaransa, yafafanuliwe kwa Kiswahili ndani ya sentensi za ofisini, za zahanati na za mahojiano, na yapangwe kwa uzito wa madhara badala ya alfabeti. “Assist” lingekaa ukurasa wa kwanza.