Kuosha Santuri Mkuu

Fundi hakuanza na sindano. Alianza na taa. Aliitoa santuri kwenye mfuko wake wa karatasi kwa viganja viwili, akiigusa ukingoni na kwenye lebo tu, akaiinamisha chini ya balbu mpaka mwanga ukateleza juu ya weusi wake. Akaizungusha polepole, macho yakiwa kwenye mfuo, ule mtaro mwembamba unaobeba sauti. Mkwaruzo unaofuata mfuo haumtishi. Mbaya ni ule unaoukata, kwa sababu sindano itaupiga kila mzunguko, na santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa sekunde moja na theluthi.

"Ukisikia tak, hesabu," aliniambia. "Ikirudi kwa muda uleule, hilo ni jeraha. Isiporudi, ni vumbi, na vumbi tunaliosha."

Chumba chake kiko Mkuu, Rombo, nyuma ya duka la vifaa vya umeme. Ilikuwa Julai, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba na Mawenzi haionekani kabisa. Nilikuwa nimemletea sanduku la santuri za marehemu baba, zilizonunuliwa kwa fedha za kahawa enzi ambazo gramafoni sebuleni ilikuwa heshima ya nyumba. Nyingi zilichapwa Nairobi, hata zile za bendi za Dar es Salaam, kwa kuwa Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Sisi wa Rombo tuko mpakani, kwa hiyo zilikuwa zikitufikia upesi. Februari 1977 mpaka ulifungwa, ukakaa hivyo hadi mwishoni mwa 1983. Katika sanduku lile hakuna santuri mpya baada ya hapo.

Nilikuwa na moja zaidi mkononi, mpya, imetoka Ulaya kwenye begi la ndugu yangu: Ave Africa ya Sunburst. Fundi aliipokea kwa furaha ambayo hakuificha. Sunburst ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1970, bendi ya roki ya Kiafrika yenye wanamuziki kutoka Tanzania na nje yake, James Mpungo akiimba na Hembi Flory Kongo akipiga gitaa. Ave Africa ya 1976, iliyorekodiwa Zambia, ilikuwa albamu yao ya kwanza, na hawakupata kutoa ya pili. Miaka 40 baadaye, mwaka 2016, kampuni ya Strut ikaitoa upya pamoja na rekodi zao za kuanzia 1973.

Mwaka huohuo wa 1976, huko New York, Ramones walitoa albamu yao ya kwanza, ambayo wapenzi wa panki huihesabu kuwa mlango wa muziki wao: nyimbo 14 kwa dakika 29, kazi ya siku chache studioni. Nayo ilitolewa upya 2016, na aliyeizalisha mara ya kwanza, Craig Leon, akarudi kwenye rekodi zilezile kuchanganya upya sauti zake. Albamu za vijana wenye haraka, na kila moja ilihitaji mtu asiye na haraka ili itufikie. Mtu wa namna hiyo, asiye na haraka, ndiye niliyekuja kumtazama akifanya kazi.

Aliosha kwanza ile santuri ndogo ya baba. Maji ni ya betri, yale safi yasiyo na asidi wala chumvi, yanayouzwa kwenye maduka ya vipuri. Aliyatia kwenye bakuli, akaongeza tone moja la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, moja tu, kisha akaikinga lebo isilowe kwa kuifunika na kifuniko cha kopo chenye mpira ukingoni. Brashi yake ni ya mchoraji, laini, nywele fupi. Haisugui santuri kwenda na kurudi. Anaizungusha santuri, brashi imetulia, nywele zikiingia kwenye mfuo na kuufuata, kwa kuwa kukatiza mfuo ni kuusukumia uchafu ukutani. Mizunguko mitatu kwa maji ya sabuni, mitatu kwa maji matupu. Maji ya mwisho aliyamwagia kwenye kikombe cheupe na kuyatazama. Yalikuwa na rangi ya chai hafifu. Akarudia. Mara ya tatu kikombe kilibaki cheupe, ndipo akaisimamisha santuri kwenye kichanja cha sahani, mbali na dirisha, ikauke yenyewe bila kitambaa.

Wakati inakauka, alipiga Ave Africa. Kwake hicho ni kipimo: hawezi kusahihisha santuri mbovu kabla sikio halijakumbuka nzuri inasikikaje. Aliweka katikati ya sahani ya gramafoni karatasi ya duara yenye mistari 180, akawasha tyubulaiti kuukuu yenye choki. Taa hiyo kwa umeme wetu humeta mara 100 kila sekunde. Sahani ikizunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, mistari inaonekana imesimama tuli. Ikienda kasi kidogo, inatambaa mbele. Ikichelewa, inarudi nyuma. Ilitambaa. Akagusa skrubu chini ya sahani kwa bisibisi ndogo, robo ya robo ya mzunguko, akangoja. Ikasimama. Taa za kisasa hazifai kwa kazi hii, nyingi hazimeti hivyo, na ndiyo maana ile tyubulaiti haitupi.

Kisha mkono wa sindano. Alitelezesha uzito wa nyuma mpaka mkono ukaelea wenyewe, haushuki wala haupandi, kisha akaurudishia gramu mbili. Watu hudhani sindano nyepesi huitunza santuri. Kumbe sindano isiyo na uzito wa kutosha hurukaruka mfuoni na kugonga kuta zake. Gramu mbili, akashusha, gitaa likaingia.

Hatukusema neno kwa upande mzima. Upande mmoja wa santuri kubwa una mfuo mmoja tu, unaoanzia ukingoni na kujizungusha hadi karibu na lebo. Ukiunyoosha unafika kama mita 400. Ili tuupate mfuo ule mpya, lazima kuna watu waliotafuta mahali sauti iliposalia. Kwa kawaida hutafutwa kanda mama; isipopatikana, hutafutwa santuri ya zamani iliyochakaa kidogo kuliko zote. Kanda nyingine za miaka ile gundi yake imenyonya unyevu, ukiipitisha kwenye mashine inanata na kubanduka, hivyo huokwa kwanza kwa joto la nyuzi 50 hivi, saa nyingi, ili iweze kupigwa. Sauti ikishasafishwa, fundi mwingine huichonga kwa sindano ya yakuti iliyopashwa moto kwenye sahani ya alumini iliyopakwa laka. Sahani hiyo hupuliziwa fedha, hufunikwa kwa nikeli, na nikeli ikibanduliwa hutoka na mfuo uliogeuzwa, matuta mahali pa mitaro. Kwa hatua hizo hupatikana mihuri ya kukandamizia plastiki moto. Kosa la fundi wa kwanza litachapwa katika kila nakala.

Fundi wa Mkuu hana mihuri wala yakuti. Ana kompyuta, kadi ya sauti, stabilaiza na sikio. Ile santuri ndogo ilipokauka alibadilisha sindano, akaweka nene zaidi, kwa kuwa ni ya mono na mfuo wake ni mpana. Kisha akaziunganisha nyaya za kulia na kushoto. Katika santuri ya mono muziki uko kwenye mwendo wa sindano wa kwenda pembeni. Mwendo wa juu na chini ni uchafu mtupu, na nyaya zikiunganishwa sehemu kubwa ya uchafu huo hujifuta wenyewe. Mvumo uliokuwa kama mvua kwenye bati ukashuka ukawa manyunyu, kabla kompyuta haijaguswa.

Ndipo ikaja kazi ndefu. Wimbo wa dakika tatu na kidogo, ukaonekana kwenye kioo kama mlima wa mawimbi. Alivuta karibu, akavuta tena, mpaka sekunde moja ikajaza kioo chote. Mlio wa gitaa ni vilima laini. Tak ni mwiba: umesimama wima, mwembamba, hauna mteremko. Programu yake ina kitufe cha kung'oa miiba yote kwa mpigo mmoja. Alinionyesha. Mikwaruzo iliondoka, na pamoja nayo ncha ya kila pigo la ngoma, maana kijiti kinapogusa ngoma nacho huacha mwiba. Wimbo ulisikika kama umefunikwa blanketi. Akaurudisha ulivyokuwa na kuanza mmoja mmoja, kwa kipanya, akiunganisha kilima cha kabla na kilima cha baada kwa mstari mfupi usiozidi milisekunde chache. Anasikiliza, anahesabu sekunde moja na theluthi, anaenda kwenye unaofuata. Umeme ulikatika mara moja. Alingoja gizani mikono mapajani, ukarudi, akaendelea.

Saa nne baadaye alivua hedifoni, akanivalisha. Sauti ya mwimbaji ilikuwa karibu. Nikasikia hata vidole vikiteleza kwenye nyuzi, kitu ambacho sikuwahi kukisikia nyumbani. Katikati, chini ya ngoma, ikapita tak moja ndogo. Nilimtazama.

"Hiyo sijui kama ni jeraha au ni kijiti," alisema. "Nimeisikiliza mara nyingi. Sijui."

Akafungua daftari la kurasa za mraba lililo kando ya kompyuta, akatafuta jina la santuri, akaandika kwa penseli: 1:07, nimeiacha.