Tarakimu 60 kabla ya taa kuwaka

Unakumbuka mwaka 2024, uliponunua umeme wa LUKU ukaletewa tarakimu 60 badala ya 20? Mtaani kwetu wengi waliamini ni janja ya kupandisha bei. Tangazo lilitutaka tuboreshe mita, basi.

Kumbe ni hesabu tu. Kila tokeni ya umeme hubeba muda ilipotengenezwa, ambao wakati huo ulikuwa ukihesabiwa kwa dakika tangu mwanzo wa 1993. Mita huukumbuka, ndiyo maana tokeni moja haiingii mara mbili. Sasa, nafasi iliyotengewa muda huo ni biti 24: dakika 16,777,216, karibu miaka 32. Zilikwisha tarehe 24 Novemba 2024. Baada ya hapo hesabu inarudi sifuri, na mita ingeiona tokeni mpya kuwa ya zamani, iikatae. Zile tarakimu 40 za ziada ziliipa ufunguo mpya na kufuta kumbukumbu yake.

Hilo lingeshindikana kuelezwa redioni kwa dakika mbili? Siku ya mwisho ilipigika hesabu tangu mfumo unabuniwa! Badala yake bibi jirani yetu, mita yake iko juu ukutani, alipanda kigoda, akakosea tarakimu ya 17, akaanza upya, huku akilaani bei ambayo wala haikupanda.