Plau ya theluji huanzia kwenye ekseli ya mbele

Novemba 2022, Orchard Park, kitongoji kilicho kusini mwa Buffalo katika jimbo la New York, kilipata theluji ya takriban mita 2 ndani ya siku chache. Chanzo chake ni Ziwa Erie. Mwishoni mwa mwaka maji ya ziwa huwa bado yana joto la kiangazi. Upepo baridi ukipita juu yake hubeba mvuke, na ukifika nchi kavu huumwaga ukiwa theluji, mara nyingi katika ukanda mwembamba kiasi kwamba mtaa huu unafukiwa na ule wa jirani unaota jua. Wiki tano baadaye, wakati wa Krismasi, tufani nyingine iliua watu zaidi ya 40 katika kaunti ya Erie. Huko kuzolewa theluji mlangoni ni sharti la gari la wagonjwa kuweza kufika.

Buffalo ina jamii za Wakongo, Warundi na Wanyarwanda ambao wengi wao huelewana kwa Kiswahili, na baadhi ya wanaume wameiona kazi hiyo: unafunga plau mbele ya pikapu, unazunguka alfajiri nyumba kwa nyumba, unasafisha njia za magari kabla watu hawajaondoka kwenda kazini. Ni kazi halali na ina malipo. Jamaa mmoja mwenye asili ya Uvira alinipa hesabu aliyoifanya kabla ya kununua plau ya pikapu yake, Ford F-250 iliyokwishatumika. Naichambua hapa kwa sababu aliifuata kwa mpangilio ambao wanunuzi wengi huupindua. Wengi huanza na bamba: upana wake, rangi yake, linavyopendeza likifunguka mithili ya mbawa. Yeye alianza na ekseli ya mbele.

Msomaji wa Dodoma au Kisumu analijua greda linalochonga barabara za vumbi. Bamba la greda limening'inizwa katikati ya gari, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, hivyo uzito wake hugawanyika. Plau ya pikapu ni kinyume chake kabisa. Imetundikwa nje, mbele ya bampa, na gari likiwa barabarani huwa imeinuliwa hewani. Hapo uzito wake haushuki kwenye ekseli ya mbele kama ulivyo tu, unaongezeka. Ekseli ya mbele inakuwa mhimili, plau inasukuma pua chini, na ekseli ya nyuma inanyanyuliwa kidogo. Kile ambacho nyuma imepoteza, mbele imekibeba.

Hesabu yake ni nyepesi. Pima umbali kutoka katikati ya ekseli ya mbele hadi katikati ya uzito wa plau, ugawe kwa umbali kati ya ekseli mbili za gari, uongeze 1, kisha uzidishe kwa uzito wa plau. Katika gari lake ekseli zimeachana mita 4.06, na plau aliyokuwa akiiwazia ingekaa mita 1.2 hivi mbele ya ekseli. Plau ya kilo 400, kwa hiyo, inaitwika ekseli ya mbele kilo 518, na kuipunguzia ya nyuma kilo 118. Hizo kilo 118 ni mshiko wa breki na matairi ya nyuma uliotoweka, barabara ikiwa barafu.

Sasa, ekseli ina nafasi kiasi gani? Kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva hutaja uzito wa juu kabisa ambao kila ekseli imeruhusiwa kubeba. Kwa gari lake, mbele ni kilo 2,359. Hakuishia hapo. Alijaza tangi, akalipeleka gari kwenye mizani ya malori iliyopo kando ya barabara kuu, ile inayopima kila ekseli peke yake, naye akiwa amekaa kwenye usukani. Mbele ilisoma kilo 1,830. Nafasi iliyobaki ni kilo 529. Plau ya kilo 400 ingemwachia kilo 11. Akipanda mtu mmoja wa kumsaidia kwa koleo, sehemu ya uzito wake ikashukia mbele, amevuka kikomo.

Mtu mwenye haraka angesema kilo 11 bado ni nafasi. Sikubaliani naye. Gari la plau halisimami tuli kwenye mizani. Linaruka mashimo yaliyofunikwa na theluji, na kila mruko mmoja ni pigo kwa springi, bolijointi na beringi za mbele. Ndiyo maana viwanda huuza pikapu zenye maandalizi maalumu ya plau, na springi nzito za mbele ni sehemu ya maandalizi hayo. Anayenunua gari kuukuu aulize kama lilitoka kiwandani hivyo. Kuongeza springi baadaye kutainua pua ya gari, lakini hakuibadilishi namba iliyoandikwa kwenye kibandiko.

Dawa nyingine ni uzito wa nyuma. Mifuko ya mchanga ya jumla ya kilo 250, ikiwekwa mita 1 nyuma ya ekseli ya nyuma na kufungwa isiteleze, hupunguza mbele kilo 62 hivi na kurudisha mshiko wa nyuma. Mahali pa kuiweka ndipo penye siri yote. Ukiitupa katikati ya kabini na ekseli ya nyuma, unaiongezea ekseli ya mbele mzigo badala ya kuipunguzia. Watengenezaji wa plau hutaja kiasi cha uzito huo kwa kila aina ya gari, nao huuhesabu kama sehemu ya plau yenyewe. Wanaoupuuza ndio utawaona wamekwama kwenye mteremko mdogo, magurudumu ya nyuma yakizunguka bure.

Baada ya ekseli ndipo likaja bamba. Zipo aina mbili kubwa. Lile lililonyooka ni kipande kimoja kinachogeuka kushoto au kulia. Lile la V lina mbawa mbili zenye bawaba katikati: likichongoka mbele hupasua tuta, likijikunja ndani hukumba theluji isimwagike pembeni. Kwa Buffalo, V ina mvuto wa kweli. Lori la plau la manispaa likipita barabarani huacha tuta gumu kwenye mdomo wa kila njia ya nyumba, na V hulipasua kwa urahisi kuliko bamba lolote lililonyooka. Lakini V ya futi 8 na nusu ndiyo ile yenye kilo karibu 400. Iliyonyooka, ya futi 8, ina kilo 330 hivi, ambazo kwa hesabu ileile ni kilo 428 juu ya ekseli, na kumwachia nafasi ya kilo 101. Alichagua iliyonyooka, na tuta la mdomoni atalila kwa awamu, akiliparua vipande vipande. Nadhani alichagua vizuri. V ni ya mwenye gari la daraja la juu zaidi.

Kwa nini futi 8 na si 7 na nusu, ilhali ya pili ni nyepesi na nafuu? Kwa sababu plau hufanya kazi ikiwa imegeuzwa. Bamba la futi 7 na nusu ni mita 2.29, likigeuzwa nyuzi 30, upana linaosafisha hushuka hadi mita 1.98. Mwili wa F-250 una upana wa mita 2.03. Magurudumu yangekuwa yanakanyaga kingo za theluji ambayo bamba halikuigusa, na theluji iliyokanyagwa hugeuka barafu inayong'ang'ania lami. Futi 8 ni mita 2.44, ikigeuzwa hubaki mita 2.11. Hapo gari linapita ndani ya njia liliyojichongea.

Theluji nayo ina uzito ambao mgeni hauwazii. Njia ya nyumba yenye upana wa mita 3 na urefu wa mita 15, ikifunikwa sentimita 20, ina mita za ujazo 9. Theluji kavu ya baridi kali inaweza kuwa na kilo 100 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo ni kilo 900. Theluji yenye maji, ile inayoanguka joto likiwa karibu na sifuri, inaweza kufika kilo 300 kwa mita ya ujazo, na njia ileile ikawa na tani 2.7. Hakuna pikapu itakayoisukuma kwa mkupuo mmoja. Waliozoea hutoka dhoruba ikiwa bado inaendelea, wakasafisha mara mbili au tatu nusunusu, kuliko kungoja kina chote kishuke.

Suala la springi za bamba ndilo ninalotaka kukaa nalo kidogo, kwa kuwa wauzaji hulipita haraka na ndilo linalookoa gari na dereva. Makali ya plau yakigonga kitu kilichofichika, kipande cha njia ya miguu kilichoinuliwa na mizizi au mfuniko wa shimo la maji taka, lazima kitu fulani kikubali kurudi nyuma. Kisipokubali, pigo lote linaingia kwenye chesisi, na dereva anaruka kutoka kitini. Kuna njia mbili za kulimeza pigo hilo. Katika ya kwanza, bamba zima hujikunja mbele kwa springi kisha hurudi. Katika ya pili, bamba hubaki limesimama na ule ukingo wa chini peke yake ndio unaojikunja. Fisher, kampuni ya Rockland huko Maine, imejulikana miaka mingi kwa njia ya pili. Western ya Milwaukee, ambayo siku hizi iko chini ya mwamvuli mmoja na Fisher, hutumia ya kwanza katika plau zake zilizonyooka.

Ipi ni bora? Inategemea kilichofichika. Kikiwa kirefu kuliko ukingo wenyewe, mathalani jiwe la bustani au gogo lililoganda, ni bamba zima tu linaloweza kulivuka. Kikiwa kifupi, ukingo hutosha, na una faida mbili: theluji iliyokusanywa haimwagiki kila unapogonga, na unaporundika theluji juu ya lundo, bamba halijikunji kwa uzito. Mitaa ya zamani ya Buffalo imejaa vikwazo vifupi na viwanja vidogo, ambako usiporundika juu huna pa kuipeleka theluji. Kwa mazingira hayo mimi ningechukua ukingo unaojikunja, na ndivyo naye alivyofanya.

Chuma au plastiki? Theluji yenye maji huteleza vizuri zaidi kwenye plastiki, chuma kina ukakamavu, na vyote viwili hufanya kazi. Hapa bei iamue.

Umeme hauna mjadala wa namna hiyo. Pampu ya haidroli inayoinua na kugeuza bamba huendeshwa na mota ya umeme, nayo hunyonya betri kwa nguvu kila unapobonyeza kitufe. Ongeza taa, hita na waipa zinazowaka usiku kucha, huku injini ikinguruma kwa mzunguko mdogo, na alteneta ya kawaida inazidiwa. Alteneta kubwa na betri imara, au betri mbili, ni sehemu ya ununuzi. Vilevile bamba lililoinuliwa huziba taa za gari na hewa inayokwenda kwenye rejeta. Kwa ajili ya taa, plau huja na zake. Kwa ajili ya hewa, dereva huligeuza bamba pembeni asafiripo, analishusha kiasi hewa ipite juu yake, na haendi kasi. Mshale wa joto ukipanda njiani, bamba ndilo la kutazama kwanza.

Jambo moja limewaumiza wengi wanaonunua plau zilizokwishatumika. Bamba ni nusu tu ya kifaa. Nusu nyingine ni vyuma vya kushikia vinavyofungwa kwenye chesisi, pamoja na nyaya zake, na hivi hutengenezwa kwa ajili ya gari mahususi. Plau iliyotoka kwenye Chevrolet haiingii kwenye Ford bila kununua vyuma na nyaya vingine, na gharama hiyo huweza kuumeza unafuu wote. Muulize muuzaji plau ilikuwa kwenye gari gani, la mwaka gani, kabla hamjaanza kuzungumzia bei.

Kuhusu jina la kampuni, Boss ya Iron Mountain huko Michigan na Meyer nazo zina wafuasi waaminifu. Tofauti kati ya majina haya makubwa ni ndogo kuliko tofauti kati ya muuzaji aliye jirani na aliye mbali. Mpira wa haidroli hupasuka katikati ya dhoruba, saa tisa usiku, wateja wakisubiri. Mwenye duka linalofungua usiku huo na lenye mpira wa saizi yako rafuni ndiye wa kumnunulia plau.

Bima nayo ni ya lazima kuulizwa. Bima ya kawaida ya gari binafsi mara nyingi haigharamii ajali iliyotokea ukiwa kazini kwa malipo, na ukuta wa gereji ya mteja ni ghali. Lipa bima ya biashara, na uulize manispaa yako kama inataka leseni.

Ndugu uliyeko Buffalo, Portland ya Maine au Minneapolis na unayeiwazia kazi hii msimu ujao, usingoje theluji ya kwanza. Novemba mafundi wanakuwa na foleni, na mnunuzi mwenye haraka huuziwa kilichopo badala ya kinachomfaa. Pima gari lako Agosti, plau ifungwe Septemba, na Oktoba uzoee vitufe vyake kwenye kiwanja kitupu.