Kuhesabu Wasio na Mlango

Mwaka 2018, sensa ya familia za mitaani ilipata watu 46,639 nchini Kenya, 2,746 kati yao wakiwa Kisumu. Mwaka uliofuata, usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti, makarani wa sensa ya kitaifa waliwahesabu waliolala nje mijini, wakapata 20,000 hivi. Je, zaidi ya nusu walikuwa wamepata makao? Wapi! Hesabu hizo zilipima vitu viwili tofauti. Chokoraa wa Kisumu anayeshinda soko la Kibuye mchana na kurudi kwa nyanyake mtaani Nyalenda jioni ni mtoto wa mtaani, ila usiku wa sensa anaandikwa mle nyumbani.

Kujua nani amepata makao kunahitaji kumfuatilia mtu yuleyule, na namna ya kufuatilia watu miaka nenda miaka rudi inajulikana papa hapa Kisumu, kule Kisian, kwenye kituo cha taasisi ya utafiti wa kimatibabu, KEMRI, barabara ya Busia. Kwa ushirikiano na CDC ya Marekani, kituo kilianza ufuatiliaji huo mwaka 2001 na wakazi wa Asembo, Siaya, kikaongeza Gem, kisha Karemo, hadi watu wapatao 220,000. Kila boma lilipewa namba, na kila mtu ya kwake. Kila baada ya miezi minne mdadisi alibisha hodi: nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehamia, nani amehama? Mgeni hakuwa mkazi mpaka atimize miezi minne.

Kanuni hiyo, ukiipeleka mtaa wa Kondele mjini Kisumu, inafuta watu. Kijana anayelala kibarazani siku tatu, akaingia kituo cha watoto, akatoroka, hatimizi miezi minne popote. Toronto, Kanada, wameigeuza: aliyewahi kulala katika makao ya dharura hubaki kwenye hesabu hadi miezi mitatu ipite bila kuonekana, au apate nyumba ya kudumu. Kila mwezi hutangaza walioingia na waliotoka. Hapo ndipo unapojua kama idadi imeshuka kwa sababu watu wamepata nyumba au wamepotea tu.

Kikwazo chetu katika kufuatilia hivyo ni jina. Mtoto aliyezoea kukimbizwa na askari hampi karani jina lake la kweli, na simlaumu. Kisian walikuwa na mwanakijiji wa kuripoti vizazi na vifo, mtu anayejulikana na majirani. Kaunti ya Kisumu ikihesabu tena, imwajiri aliyewahi kulala Kibuye, na fomu iwe na safu ya waliotoka na walikoenda.