Fundi wa Kufumua

Kampuni ikihama ghorofa iliyokuwa imepanga Upper Hill, Nairobi, au Mtaa wa Samora, Dar es Salaam, kazi haiishi lori la mwisho la meza na viti linapoondoka. Kwa kawaida mkataba wa pango humtaka mpangaji airudishe nafasi kama alivyoipokea: kuta za jipsamu alizosimamisha zitoke, zulia libanduliwe, nyaya za mtandao zivutwe, viyoyozi vyake vishushwe, matundu yazibwe na rangi ipakwe. Kazi hiyo mara nyingi huachiwa wiki ya mwisho, ikapewa vibarua wenye mitaimbo na nyundo, na wakubwa wa ofisi huiita kubomoa, basi. Naiona kuwa ufundi kamili, na kwa namna moja ni mgumu kuliko ule uliojenga ofisi yenyewe. Anayejenga hupimwa kwa alichokiweka. Anayefumua hupimwa kwa alichokiacha salama: bomba lililobaki zima, sakafu isiyochubuka, waya wa jirani ambao haukukatika. Kumsifu mtu kwa mabaya ambayo hayakutokea ni kazi, na ndiyo maana sifa za fundi huyu huchelewa hata kuliko malipo yake.

Ugumu huanza kabla bisibisi haijashikwa, kwenye swali la nini ni cha nani. Kenya na Tanzania zilirithi kanuni ya sheria za Uingereza kwamba kilichokazwa kwenye jengo huhesabiwa kuwa sehemu ya jengo, ila mpangaji wa biashara anaruhusiwa kuondoa vifaa alivyovifunga kwa ajili ya biashara yake. Mpaka kati ya mambo hayo mawili ni mwembamba. Katika kesi ya Holland dhidi ya Hodgson ya mwaka 1872, mahakama iliamua kwamba mitambo ya kufumia nguo, iliyoshikizwa sakafuni kwa misumari tu, ilikuwa imeshakuwa sehemu ya kiwanda. Jaji Blackburn alitoa mfano ambao kila fundi angeuelewa: mawe yaliyopangwa juu kwa juu bila saruji yakawa ukuta ni sehemu ya ardhi, lakini mawe yale yale yakirundikwa kwenye yadi ya mjenzi ni bidhaa. Msumari hautoshi kutoa jibu. Inabidi kuuliza pia kitu kiliwekwa kwa nia gani. Sasa msimamishe fundi mbele ya kabati lililojengwa ukutani, mlango wa kioo wa mapokezi na sinki la jiko dogo la wafanyakazi. Kila kimoja kinadai asome mkataba, aione ruhusa ya maandishi ya kufanya mabadiliko, alinganishe na picha za siku ya kukabidhiwa. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999 na ile ya Kenya ya 2012 zinamtaka mpangaji arudishe jengo katika hali ya mwanzo, isipokuwa kwa uchakavu wa kawaida. Zulia la mwenye jengo lililofifia mbele ya lifti ni uchakavu. Tundu la drili kwenye marumaru yake si uchakavu. Fundi anayeijua tofauti hiyo anaokoa amana ya mpangaji na mali ya mwenye jengo kwa wakati mmoja.

Kisha huja kulisoma jengo. Chukua ukuta mmoja tu wa jipsamu. Kabla ya kuugusa, fundi huinua kigae cha dari kilicho karibu nao na kumulika juu kwa tochi. Ukuta ukiwa umepita dari hadi kwenye zege la ghorofa ya juu, ujue wenyewe ndio uliotangulia na dari ikaja kuuzunguka; ukitolewa, dari itabaki na pengo refu, na reli zilizokatwa hapo hazitakuwa na pa kushika. Ukiishia chini ya dari, basi dari ndiyo iliyotangulia, ukuta umeshikizwa kwenye reli kwa skrubu, na kuutoa kutaacha vitundu vidogo tu. Hapo ndipo inapoanza hesabu ya vigae vya sentimita 60 kwa 60 vya kununuliwa, na hapo ndipo makadirio ya mtu aliyetazama kwa chini tu yanapopotea. Baada ya hapo kazi hurudi nyuma, hatua kwa hatua, kwa njia waliyoijia wajenzi. Umeme huzimwa kwenye sanduku lake, na kila waya hupimwa kwa testa ingawa umezimwa, kwa sababu ofisi iliyokarabatiwa mara mbili tatu haikosi waya uliovutwa kutoka mahali pasipoandikwa popote. Milango na vioo hutangulia kutoka. Bodi za jipsamu hufunguliwa upande mmoja kwanza, ili vyuma na mabomba yaliyomo ndani yaonekane kabla upande wa pili haujaguswa. Vyuma hufuata, skrubu moja baada ya nyingine. Zulia, ambalo mgeni wa kazi hii angeanza nalo kwa kuwa ndilo jepesi, huachwa hadi karibu na mwisho likinge sakafu.

Kioo cha kizigeu nacho kina masharti yake. Kikishapitishwa kwenye joto la kukiimarisha hakikatiki tena. Ukikijaribu, chote hugeuka chembe. Usoni kinahimili kishindo, lakini pembeni ni dhaifu, na ukingo ukigonga zege kidogo tu kimekwisha. Kwa hiyo hushushwa juu ya vipande vya mbao au mpira, kikaegemezwa kikiwa kimesimama, na ukubwa wake huandikwa kwa chaki, maana atakayekinunua hawezi kukipunguza. Kiyoyozi kinadai utaratibu mwingine, na ni lazima kishughulikiwe kabla umeme haujazimwa. Fundi hukiwasha kipoze, hufunga valvu ya bomba jembamba, akaiacha kompresa ivute gesi yote irudi kwenye kifaa cha nje huku jicho likiwa kwenye geji, kisha hufunga valvu ya bomba nene na kuzima papo hapo. Ni dakika chache. Mwenye haraka hupitisha msumeno kwenye bomba, na kinachosikika ni gesi ikienda zake. Gesi ya R-22, iliyomo bado katika viyoyozi vya zamani, huila tabaka la ozoni, na chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987 nchi zinazoendelea zinatakiwa kuwa zimeiondoa ifikapo 2030. Ya R-410A iliyokuja baada yake haili ozoni, lakini hupasha dunia joto mara 2,000 hivi kuliko uzito ule ule wa kaboni dioksidi. Sioni tendo jingine la siku moja ofisini ambalo subira ya mtu mmoja ina thamani kiasi hicho.

Pingamizi kubwa zaidi ni kwamba kazi yenyewe haina maana: mpangaji anatoa kuta, na mpangaji ajaye anasimamisha nyingine. Hasara hiyo ipo. Pale mwenye jengo na wapangaji wote wawili wanapoweza kukubaliana kuta zibaki, zibaki, na fundi mwaminifu ndiye wa kwanza kusema hivyo ingawa anapoteza kazi. Lakini hoja hiyo inadhani kwamba ajaye atataka vyumba vile vile, na historia ya miji yetu inasema vingine. Katikati ya Nairobi, sakafu zilizokuwa ofisi au maduka makubwa zimegawanywa kuwa vibanda vidogo vya nguo na simu. Serikali ya Tanzania ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, ofisi zilizopangishwa wizara na idara Dar es Salaam zilihitaji watumiaji wapya, na vyumba vilivyokatwa kwa mpangilio wa wizara haviwafai wote. Sakafu tupu inaweza kuwa chochote. Upotevu unaolalamikiwa unatokana zaidi na namna ya kutoa. Jipsamu iliyopondwa na kutupwa jaani, ikizikwa kwenye unyevu pamoja na taka nyingine mahali pasipo hewa, hutoa haidrojeni salfaidi, gesi ya sumu yenye harufu ya yai bovu. Alumini ikiyeyushwa upya hutumia takriban asilimia 5 tu ya nishati ya kutengeneza mpya, ila sharti itolewe bila kuchanganyika na takataka. Nyaya zikivutwa nzima na kuviringishwa, shaba yake ina mnunuzi. Zikikatwakatwa, huishia kuchomwa mahali fulani ili plastiki itoke, na moshi wake huingia vifuani mwa watu wasiowahi kukanyaga ofisi hiyo. Na shaba inahitaji karatasi. Januari 2022 Kenya ilipiga marufuku kwa muda biashara ya chuma chakavu kwa sababu ya hujuma dhidi ya njia za umeme, na iliporuhusiwa tena masharti yalikazwa. Fundi mwenye orodha ya alichokitoa na mahali alipokitoa hana cha kuogopa. Huko Brussels kundi la Rotor, lililoanzishwa mwaka 2005, limefanya kazi hii kuwa biashara: hufumua majengo, ya ofisi yakiwemo, likauza taa, milango na vigae vyake. Mafundi wetu wamekuwa wakiuza milango na mbao za majengo ya zamani miaka mingi kabla ya hapo, bila mtu kuwaandikia makala.

Wengine watasema gharama: vibarua sita wenye nyundo humaliza kwa siku mbili, fundi makini anataka wiki. Hesabu hiyo ni sahihi mpaka nyundo iguse kichwa cha kinyunyizio cha kuzimia moto. Bomba lake lina maji yenye msukumo, nayo hayangoji mtu ashuke ngazi. Yatakuwa kwenye dari ya mpangaji wa chini kabla valvu kuu haijapatikana. Siku zilizookolewa hulipwa kwa kompyuta za watu wengine. Yapo pia makosa yasiyopiga kelele, na hayo ndiyo yananitia hofu zaidi. Matundu yaliyotobolewa kwenye zege kupitisha nyaya kutoka ghorofa moja hadi nyingine yanapaswa kuzibwa kwa kitu kinachostahimili moto, la sivyo moshi hupandia humo. Gazeti lililokunjwa, likapakwa plasta na rangi nyeupe, linaonekana sawasawa na kazi halali; mkaguzi atapita na amana itarudishwa. Katika majengo ya zamani, yale yanayoweza kuwa na asibesto, fundi anayejua husimama na kudai kipimo kabla ya kuvunja chochote, ingawa hakuna anayempenda siku hiyo. Ni tabia hizi mbili, kuziba vizuri pasipoonekana na kusimama panapoharakishwa, zinazonifanya niuite ufundi huu wa heshima.

Ningependa fundi huyu aitwe mapema zaidi, siku ofisi inapojengwa. Angewaambia wajenzi watumie skrubu badala ya gundi, watandike zulia la vipande linaloinuliwa kwa mkono, wasikate reli ya dari pale ambapo ukuta unaweza kuishia chini yake. Na angeomba mchoro mmoja wa nyaya zote, wenye tarehe, ubandikwe ndani ya kifuniko cha sanduku la umeme, na kila anayeongeza waya auandike humo.