Maathai, masista na mti wa mugumo

Tukitaja wanasayansi Wakatoliki, wengi tunakimbilia kwa Mendel na njegere zake. Wa karibu yetu ni Wangari Maathai wa Nyeri, na kitabu chake Unbowed (2006) kinaonyesha vizuri imani ilimfanyia nini. Ila kuna sehemu kinateleza.

Sista mwalimu wa sayansi pale Loreto, Limuru, alikuwa akimwita amsaidie kuosha vyombo vya maabara. Baadaye alisoma biolojia katika chuo cha Wabenedikto, Kansas, akahitimu 1964. Moyo wa kutumikia watu bila kujali faida yake mwenyewe aliuona kwa masista hao.

Miaka ya 1970 alikuwa akichunguza ndigana kali, ugonjwa wa kupe ambao mfugaji wa Mugeta, kule Bunda, hahitaji kuelezwa. Akiwa vijijini kukusanya kupe, akaona mito imejaa tope na ng'ombe wamekonda. Angeweza kuandika ripoti ya kupe akaishia hapo. Badala yake, 1977 akaanza kupanda miti na akina mama. Yaani masista hawakumpa majibu ya kibiolojia. Walimlea asiweze kuona shida akapita.

Sasa tuje kwenye mugumo, mti wa jamii ya mkuyu. Mama yake alimkataza kuokota kuni zake kwa kuwa ni mti wa Mungu. Baadaye ulikatwa ili ipandwe chai, na kijito kikakauka. Maathai anaeleza kwamba mizizi ilipasua mwamba na kupandisha maji ya chini. Inashawishi, lakini ni kisa kimoja, na mti nao unakunywa maji. Mvua ya miaka ile ilikuwaje? Mashamba ya jirani je? Kitabu hakitoi vipimo.

Hili si suala dogo. Msomaji anaweza kuondoka akiamini mti wowote unaleta maji, halafu akapanda mikaratusi kwenye chemchemi, wakati mkaratusi unafyonza maji mengi. Maathai mwenyewe alitetea miti ya asili.

Kisomeni, kinafaa sana. Na kama kwenu kuna chemchemi chini ya mti ambao wazee wanakataza usikatwe, wasikilizeni, kisha chukueni ndoo na saa. Pimeni kila mwezi inajaa kwa dakika ngapi, na mwandike. Heshima kwa mti tunayo tayari, kilichobaki ni namba.